Nyuki Ndani ya Likembe

Likembe ya mjomba wangu ilikuwa na ndimi tisa za chuma. Alizifua kwa spoku za baiskeli yake iliyozeeka, ile iliyomchukua kwa miaka kutoka Nyangwe hadi Kasongo, na mara nyingine hadi Kabambare, akipeleka samaki wakavu na kurudi na chumvi na sabuni. Kila spoku aliiponda juu ya jiwe mpaka ikawa bapa, akaipanga juu ya kisanduku cha mti, kisha akaivisha kipete cha waya mwembamba, kilegevu. Kidole gumba kikigusa ulimi, sauti hutoka peke yake kwa muda mfupi mno. Papo hapo kipete hutetema na kuifunika kwa mvumo. Mjomba aliviita vipete hivyo nyuki. Kabla ya kupiga aliisogeza likembe sikioni, akaitikisa kidogo, akasema: "Nyuki wameamka." Hapo ndipo alipoanza.

Mwaka 2006 mimi ndiye niliyewanyamazisha.

Nilikuwa kijana mwenye kazi mpya katika redio ndogo ya jamii. Vita vilikuwa vimetulia miaka mitatu nyuma, barabara zilikuwa zimemezwa na majani, na watu wa kusini mwa Maniema, mkoa wetu wa Kongo, walikuwa na kiu ya kujisikia wenyewe hewani baada ya miaka ya kusikia bunduki. Nilikabidhiwa kinasa sauti cha kaseti, maikrofoni moja, betri sita na agizo fupi: ulete ngoma za wazee. Sikuwa na haja ya kuuliza nianzie wapi. Nilipanda baiskeli mpaka Nyangwe, nikamkuta mjomba chini ya mwembe wake, pale ardhi inapoanza kuteremka kuelekea mto Lualaba, akishona wavu.

Katika mafunzo tuliyopewa tulifundishwa kwamba kelele ni adui wa redio. Basi nilipojaribu mashine, mjomba akagonga ndimi mbili tatu, sindano ya kipimo ikaruka mpaka kwenye rangi nyekundu. Nikasikiliza kwa makini: mvumo mtupu. Nikamwambia, "Mjomba, hivi vipete vinaharibu sauti. Tuvivue." Alinitazama kitambo. Kisha akavua kofia yake, akaiweka magotini, akaanza kuvivua kimoja kimoja na kuvitia ndani ya kofia, kwa utaratibu wa mtu anayehesabu fedha za mwenzake. Nikamwomba mkewe, aliyekuwa akitwanga sombe nyuma ya nyumba, apumzishe mchi kwa muda. Nikafukuza watoto. Nikafukuza hata jogoo. Pakawa kimya kama msikiti kabla ya alfajiri, na katika kimya hicho mjomba akapiga kwa dakika arobaini.

Kipindi kilirushwa siku ya Ijumaa, baada ya sala ya adhuhuri. Juma lililofuata nilirudi Nyangwe kifua mbele. Mjomba alikuwa barazani pamoja na wazee wenzake; nikamuuliza alijisikiaje hewani. Akasema kwa Kiswahili chetu cha huku, kwa upole kabisa: "Mpwa wangu, mumeniosha."

Wazee wakacheka, nami nikacheka nao. Nilidhani amenisifu. Ilinichukua miaka kumi kuelewa kwamba katika mji wetu mtu akiwa hai huoga mwenyewe. Anayeoshwa na wengine ni maiti.

*

Mjomba alifariki mwaka 2013. Miaka mitatu baadaye nilikuwa Kindu, nimesimama mbele ya kibanda cha kijana mwenye kompyuta, yule anayejaza nyimbo kwenye kadi za simu kwa fedha kidogo. Alikuwa akijaribu spika zake. Ghafla kitu kikatoka mle ndani kikanifunga miguu. Zilikuwa likembe, si moja bali kadhaa, zikipigwa kwa nguvu kama mvua ya Machi juu ya mabati. Na zote, kutoka ile nene mpaka ile nyembamba, zilikuwa zimejaa nyuki. Nyuki waliokasirika, nyuki wa mzinga mzima, wametiwa umeme. Nilimuuliza kijana ni nani hawa. Akasoma kwenye kioo cha kompyuta: Konono N°1.

Tangu siku ile nimewafuatilia kwa bidii ya mwenye deni. Kundi hili lilianzishwa Kinshasa katika miaka ya 1960 na Mawangu Mingiedi, Mzombo kutoka upande wa mpaka wa Angola, aliyekuwa dereva wa malori. Kwao, muziki wa sherehe ulipigwa kwa baragumu zilizochongwa kutoka kwenye pembe za ndovu. Mingiedi aliuhamishia kwenye likembe. Lakini likembe katika mji wenye magari, baa na majirani wa kila lugha haisikiki hatua kumi. Duka la vyombo vya muziki halikuwa la mfuko wake, basi akaenda kwenye chuma chakavu. Alichukua sumaku kutoka vipuri vya magari, akachonga maikrofoni za mti kwa mkono, akaunganisha na vipaza sauti vya mdomo wa tarumbeta vya aina iliyotumiwa enzi za Wabelgiji kutangazia watu. Ngoma zikaongezewa sufuria na vyuma vya gari. Vifaa vile vilipozidiwa na sauti, vilivuma na kukwaruza. Mingiedi akausikia ule mkwaruzo, akaupenda, akaukaribisha ndani ya muziki kama mwanachama wa bendi.

Nilipohesabu walichokirekodi, nilishangaa. Mwaka 1978 Mfaransa mmoja aliwanasa kwa ajili ya mkusanyo wa muziki wa mijini wa Kinshasa. Baada ya hapo, miaka mingi bila santuri nyingine iliyofika mbali. Wengi huko nje walidhani bendi imekufa. Mbelgiji Vincent Kenis, aliyekuwa ameshikwa na ile rekodi ya kwanza, aliwatafuta mpaka akawapata, wakiwa bado wanapiga, na mwaka 2004 ikatoka *Congotronics*. Mwaka huo huo ikatoka *Lubuaku*, iliyonaswa jukwaani Uholanzi. Kisha *Assume Crash Position* ya mwaka 2010, na ile waliyoshirikiana na mwanamuziki Batida mwaka 2016. Mingiedi mwenyewe alikuwa ameaga dunia mwaka 2015, mwanawe akashika likembe. Nusu karne ya kupiga kwenye misiba, harusi na vilabu vya usiku, na kilichobaki kwenye rekodi unaweza kukisikiliza chote kati ya adhuhuri na magharibi.

Jambo lililonichoma halikuwa uchache wa santuri hizo. Lilikuwa hili: Kenis alikwenda Kinshasa na kompyuta ndogo na vifaa vya kisasa kuliko kaseti yangu. Kama angetaka kuwaosha Konono, uwezo alikuwa nao. Aliuacha mkwaruzo mahali pake. Mtu wa Ubelgiji, asiyekuwa na mjomba Kinshasa, aliusikia mvumo akatambua kwamba umewekwa makusudi. Mimi niliyelelewa miguuni pa likembe niliusikia nikadhani ni ugonjwa.

*

*Lubuaku* ilitolewa na lebo ndogo ya Kiholanzi iitwayo Terp, inayoendeshwa na mpiga gitaa wa kundi la panki la The Ex. Nilifuata uzi huo, nao ukanifikisha kwenye muziki ambao sikuwahi kudhani utanihusu.

Panki ni roki iliyovuliwa koti. Katikati ya miaka ya 1970, New York na London, vijana walichoshwa na muziki uliohitaji mashine za bei na miaka ya shule. Walishika magitaa wakajifunza sauti tatu, wakapanda jukwaani kesho yake. The Ex walizaliwa Uholanzi mwaka 1979, katika mazingira ya vijana waliokuwa wakihamia majengo yaliyoachwa matupu na kuyafanya makazi. Wengi wa rika lao walisambaratika baada ya santuri mbili tatu. Hawa wapo mpaka leo. Wametoa albamu zaidi ya ishirini, nyingi kwa mikono yao wenyewe, bila kampuni kubwa nyuma yao. Mwimbaji wao wa kwanza aliondoka mwaka 2009, baada ya miaka thelathini, akaja mwingine, safari ikaendelea. Kadhaa kati ya albamu hizo zilinaswa na fundi Steve Albini wa Chicago, aliyefariki mwaka 2024, mtu aliyejulikana kwa kuweka maikrofoni vizuri chumbani, kuiacha bendi ipige pamoja, na kutotia mkono wake mahali usipohitajika.

Nilizisikiliza santuri zao kwa kufuata miaka. Mwanzoni masikio yangu yalikataa. Gitaa linakwaruza kama mlango wenye kutu. Mwimbaji hasemi kwa utamu. Lakini kadiri nilivyosonga mbele, niligundua kwamba mkwaruzo ule unakua. Unakomaa kama mtu. Katika santuri za mwanzo ni hasira ya vijana. Miaka ishirini baadaye una pumzi, unajua kusubiri, unajua kunyamaza ili ngoma ipite. Hawakuuacha ili wakubalike. Walibaki nao mpaka ukawa lugha.

Kisha nikafika kwenye *Turn*, ya mwaka 2004, nikakuta wimbo uitwao "Theme from Konono". Wazungu wale waliichukua tuni ya Mingiedi wakaipiga kwa magitaa, bila likembe hata moja, wakiutafuta ule mvumo kwa nyuzi. Miaka miwili baadaye walirekodi na mzee Getatchew Mekuria, mpiga saksafoni wa Ethiopia aliyezaliwa mwaka 1935, ambaye saksafoni yake ililia kama shujaa anayejisifu vitani. Walijifunza nyimbo zake. Hawakumwomba yeye ajifunze zao. Walimzunguka kwa magitaa yao kama vijana wanaomsindikiza babu sokoni, kila mmoja akitembea kwa mwendo wa babu. Mzee huyo alifariki mwaka 2016, na anayetaka kumjua leo atamkuta mle ndani na makali yake yote.

Nilipomaliza kusikiliza niliona aibu, lakini aibu yenye faida. Nilikuwa nimejiaminisha kwamba kosa langu la mwaka 2006 lilitokana na umaskini wa vifaa: laiti ningekuwa na maikrofoni bora, laiti ningekuwa na studio. Konono walikuwa na sumaku za magari mabovu. The Ex walianza na magitaa ya bei rahisi. Vifaa vyangu vilitosha. Nilichokosa ni swali moja tu, swali la maneno manne ambalo mtoto yeyote wa Nyangwe angeliuliza: "Mjomba, hivi vya nini?"

*

Sisi watu wa Nyangwe tulipaswa kulijua jambo hili kabla ya wengine, kwa sababu mji wetu umeingia katika historia ya dunia kupitia daftari lililooshwa.

David Livingstone alifika Nyangwe mwishoni mwa Machi 1871. Alitaka mtumbwi wa kumteremsha Lualaba; hakuupata. Karatasi zilikuwa zimemwishia, wino pia. Basi alichukua gazeti kuukuu la London, akaligeuza upande, akaandika kwa kukatiza mistari iliyochapwa, kwa wino aliokamua kutoka kwenye tunda la mmea wa huku. Tarehe 15 Julai alikuwa sokoni. Alikadiria watu kama 1,500, wengi wao wanawake waliokuja na samaki, kuku, mihogo na mafuta ya mawese. Watu wa misafara ya wafanyabiashara kutoka pwani walianza kuwafyatulia risasi. Waliokimbilia mtoni walizama kwa mamia. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Alichokiona kiliandikwa kwenye gazeti lile, kwa wino ule. Habari hizo zilipofika Uingereza zilichangia shinikizo lililofunga soko la watumwa la Zanzibar mwaka 1873.

Lakini ulimwengu haukusoma gazeti lile. Wino wa tunda ulififia. Livingstone mwenyewe alinakili habari zake katika daftari nadhifu, na baada ya kifo chake rafiki yake akatengeneza kitabu kilichochapwa mwaka 1874. Kwa karibu miaka mia moja na arobaini, Nyangwe iliyosomwa ilikuwa ile ya nakala safi. Ndipo wataalamu wakazipiga picha zile kurasa chakavu kwa miale ya rangi nyingi, nyingine isiyoonekana kwa macho, wakautenganisha wino wa tunda na wino wa gazeti. Mwaka 2011 waliyatangaza waliyoyaona. Nakala safi na kurasa za awali hazikulingana. Kati ya yaliyopunguzwa zilikuwemo habari za mwenendo wa watu aliokuwa nao Livingstone mwenyewe, waliomtia mashaka na fedheha.

Huwa nasimama kwenye ukingo wa mto nikifikiria kurasa zile. Mtu alikuwa katikati ya kilio, hana karatasi, hana wino, akaandika kwa alichokipata. Na kwa sababu aliandika kwa alichokipata, akaandika yote. Baadaye, akiwa na daftari zuri na muda wa kutulia, alianza kuchagua. Simhukumu. Nami nilikuwa na kaseti mpya na muda wa kutulia.

Na nyuma ya kurasa zote mbili, chafu na safi, kuna jambo zito zaidi. Wanawake wa soko lile hawakuandika. Majina waliyoitana asubuhi ile, bei walizokuwa wakibishania, nyimbo walizokuja nazo ndani ya mitumbwi, hakuna miale itakayozirudisha. Kwa hiyo kila rekodi inapaswa kusikilizwa kwa masikio mawili: moja kwa kilichomo, jingine kwa waliosimama nje yake. Santuri chache za Konono zinaniambia kuna maelfu ya usiku ambao hakuna aliyewasha mashine. Usiku ule ulikuwepo. Watu walicheza mpaka alfajiri. Kutorekodiwa hakukuwapunguzia furaha hata chembe.

*

Nilipoelewa kuhusu nyuki, nilianza kuwaona kila mahali, na kuona mkono wangu ukiwafukuza.

Niliwaona katika lugha. Nilipoanza kusoma habari redioni nilijifunza Kiswahili cha vitabu, nikatupa kile cha mama yangu. Huku kwetu tunasema *mutoto*, *muzuri*, *muntu*. Tunaiachia herufi u nafasi ya kupumua. Kiswahili chetu kilikuja na misafara, kikaoa lugha za Wakusu, Wagenya, Wazimba na Wabangubangu, kikazaa watoto wenye sura za pande zote mbili. Mimi niliona haya kwa sura hizo. Siku ya kwanza niliposoma hewani, mama alikuwa jikoni na redio yake. Niliporudi nyumbani aliniuliza: "Ule bwana mwenye alisoma habari, ni wa wapi?" Nilisema ni mimi. Akanyamaza, akaendelea kukoroga ugali. Leo ninasoma habari kwa Kiswahili sanifu, kwa sababu msikilizaji wa Dodoma na wa Mombasa naye ana haki ya kunielewa. Lakini nikihojiana na mzee wa Kasongo namjibu kwa ulimi wake na wangu. Mtu mmoja anaweza kuwa na ndimi nyingi, kama likembe.

Niliwaona katika misiba. Ninaombwa mara kwa mara kuandika wasifu wa marehemu, maana mimi ni mtu wa redio. Kwa miaka niliandika wasifu mmoja kwa watu wote: alikuwa mpole, alipenda watu, alisaidia wengi. Nilimsomea hivyo mzee mmoja aliyekuwa maarufu kwa ubishi. Mzee yule alikuwa akibishana juu ya bei ya mchele, juu ya mwandamo wa mwezi, juu ya njia fupi ya kwenda mtoni. Nilipomaliza kusoma, mjane wake alinivuta kando akasema kwa huzuni, "Umemzika mtu mwingine." Tangu hapo ninaandika pia ubishi wa watu, kwa heshima, kwa sababu ndani ya ubishi wa mzee yule mlikuwa na uaminifu uliowazuia wafanyabiashara wengi kuwapunja maskini.

Na niliwaona katika malezi. Binti yangu huuliza maswali mfululizo, hata mbele ya wageni, hata mbele ya imamu. Nilikuwa nimeanza kumfundisha kunyamaza, nikidhani namfundisha adabu. Kuna adabu anayopaswa kujifunza, na ataijifunza: kusubiri mkubwa amalize, kusalimu kwanza. Lakini swali lenyewe ni kipete alichovishwa na Muumba. Nikikivua, nitabaki na mtoto mtulivu, naye atabaki na nini?

Sitaki nieleweke vibaya. Si kila kelele ni nyuki. Waya uliokatika hukoroma, na fundi asiyeutengeneza ni mvivu. Hasira inayompiga mke si ladha ya mtu, ni dhambi, na hailindwi kwa jina la hulka. Kazi yote iko katika kutofautisha uchakavu na kile kilichowekwa na mkono uliojua unachofanya. Wagogo wa Dodoma, walio na ilimba, ndugu mkubwa wa likembe, hufunika tundu za kisanduku chake kwa utando wa buibui ili sauti ivume. Utando wa buibui! Mgeni angeufuta kwa kitambaa akidhani anafanya usafi. Mzee Hukwe Zawose, aliyeipeleka ilimba duniani mpaka alipofariki mwaka 2003, angemshika mkono. Mjomba wangu hakunishika mkono, kwa sababu mjomba hamnyimi mpwa. Alivua vipete akavitia kofiani. Ndiyo maana mwenye mashine ndiye anayepaswa kuuliza. Anayerekodiwa mara nyingi huona haya kukataa.

Wahenga walisema fuata nyuki ule asali. Mimi nilitaka asali, nikawafukuza nyuki.

*

Niliporudi kutoka Kindu mwaka 2016 nilifungua sanduku la kaseti za zamani. Ile ya mjomba ilikuwepo, na mwandiko wangu wa ujana juu yake. Nikasikiliza zile dakika arobaini. Zilikuwa kama nilivyozikumbuka: sahihi, baridi, kama maji yaliyochemshwa yakaachwa kwenye mtungi. Kisha, kwa sababu sikutaka kuondoka, nikageuza kaseti upande wa pili.

Nilikuwa nimesahau kwamba upande ule ndio nilioufanyia jaribio, kabla ya kugundua sindano inaruka. Dakika moja na sekunde arobaini. Mjomba anauliza kama mashine hii inakula betri nyingi. Mchi unadunda nyuma ya nyumba. Mtoto anaitwa, haitiki. Mjomba anakohoa, kile kikohozi chake cha moshi wa kukaushia samaki. Kisha anagonga ndimi mbili tatu, nyuki wanaamka wote kwa pamoja, na sauti yangu ya ujana inaingia juu yao ikisema, "Subiri kwanza, mjomba, kuna kelele."

Hiyo ndiyo rekodi pekee yenye nyuki iliyobaki ya mtu aliyepiga likembe kwa zaidi ya miaka hamsini. Nimeinakili mara tatu, na sijagusa kitu, hata sauti yangu.

Niliipeleka Nyangwe kwa simu. Mama alikuwa amekaa mkekani, anapembua mchele. Alikuwa mdogo wa marehemu. Alimwita yaya, kama tunavyowaita wakubwa wetu. Sikumwambia ni nini. Niliweka simu juu ya kinu kilichopinduliwa, nikabonyeza. Mchi ukadunda. Mjomba akauliza habari za betri. Mama hakuinua uso, mikono yake iliendelea na mchele. Kisha mjomba akakohoa.

"Pole, yaya," mama akasema.